Kufuli la Daktari Fairclough

Kwa miaka ishirini na sita hakuna mtu wa Ramsclough aliyemwona Daktari Fairclough bila kwanza kuonana na Bi Muriel Haslam, na wapo waliokwisha kuonana na Bi Muriel wakaona inatosha, wakarudi nyumbani. Yeye mwenyewe aliihesabu hiyo kuwa sehemu ya kazi. Daktari alikuwa mmoja, mwenye kifua kibovu, na mji mzima ulikuwa na mafua.

Alikaa mapokezi, nyuma ya dirisha la kioo kizito lenye tundu dogo la kusemea. Nyuma ya mgonjwa aliyesimama dirishani kulikuwa na viti kumi na viwili, na katika viti hivyo watu wakisoma magazeti ya mwaka juzi kwa bidii kubwa ya watu wasiosikiliza. Bi Muriel aliuliza kila mtu swali lilelile: shida ni nini? Kwa majibu aliyoyapata alijua nani apewe nafasi leo, nani wiki ijayo, na nani arudi nyumbani akanywe chai ya ndimu. Aliamini kwamba katika miaka yote hiyo alikosea mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa la yule aliyejibu.

Alizaliwa katika nyumba za safu zilizoshikana nyuma ya kiwanda cha pamba, binti wa msokotaji nyuzi. Akasomea upigaji taipu, akaolewa na Bwana Haslam wa idara ya maji, mtu mpole ambaye kila jioni alisimuliwa ya dirishani na kucheka pale palipostahili. Bwana huyo alifariki mwaka mmoja kabla ya mkewe kustaafu. Majirani, ambao hawakuwa na ubaya wowote, walisema labda alipiga hesabu ya kukaa naye nyumbani mchana kutwa. Bi Muriel alipoaga kazi, mwaka elfu mbili na tatu, daktari alimpa saa ya mezani na hotuba ya dakika mbili ambamo neno "imara" lilitajwa mara tatu.

Kustaafu hakukumkalia vizuri. Alijaribu bustani, lakini maua hayana maswali. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba kila wilaya iwe na chombo cha kusikiliza wananchi wanasema nini kuhusu zahanati, hospitali na nyumba za kutunzia wazee, yeye alikuwa mtu wa kwanza kujitokeza. Chombo cha Ramsclough kilikuwa na watu tisa wa kujitolea, meza moja ya kukunja, bango la kitambaa lililosema PAZA SAUTI YAKO, na mfanyakazi mmoja wa mshahara, Shazia Mahmood, mama wa watoto watatu aliyekuwa amechoka tangu kabla hajaajiriwa.

"Una uzoefu wa kusikiliza watu, Bi Muriel?" Shazia alimuuliza.

"Miaka ishirini na sita."

Shazia akaandika: uzoefu mkubwa.

Masharti yalikuwa matatu, yamechapwa juu ya kila fomu. Usimkatize mtoa maoni. Usitetee huduma. Usiandike jina la mfanyakazi yeyote. Bi Muriel aliyakubali yote, ingawa la kwanza lilimpa tabu kidogo siku za mwanzo.

Zamu yake ilikuwa Alhamisi, katika soko la ndani, kati ya muuza jibini na fundi viatu. Watu walikuja wakalalamika juu ya maegesho ya hospitali. Wakalalamika juu ya simu ya zahanati, inayokupigia muziki hadi unasahau unaumwa nini. Wengi walianza kwa kusema kwamba wao si watu wa kulalamika. Bi Muriel aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini, akarudi nyumbani akijiona mtu wa manufaa.

Alhamisi moja ya Oktoba akaja mzee mrefu, kofia mkononi, akasimama mbali kidogo na meza kana kwamba meza ile ina mwenyewe aliyetoka mara moja.

"Sitaki kukusumbua, dada," alisema.

"Hunisumbui. Nimekaa hapa nisumbuliwe. Karibu kiti."

"Ni jambo la zamani. Pengine mnataka mapya."

"Lolote tunapokea. Jina?"

Jina lilikuwa Wilf Ormerod, umri sabini na tisa, dereva mstaafu wa lori la maziwa. Bi Muriel akamsomea swali la fomu: kuna kitu gani kiliwahi kukuzuia wewe au mtu wako kupata huduma ya afya?

"Mke wangu, Connie," Wilf alisema. "Mwaka tisini na moja. Alikuwa ameshakoma mambo yake ya kila mwezi siku nyingi, halafu damu ikaanza tena." Neno damu alilitamka akiwa anaziangalia jibini za meza ya jirani. "Mimi hakuniambia. Mambo hayo tulikuwa hatuambiani. Tulikuwa na miaka thelathini tu katika ndoa."

"Akaenda kwa daktari?"

"Alifika hadi dirishani. Pale kwa Fairclough palikuwa na mwanamke. Sijui wewe ni wa hapa?"

"Ni wa hapa."

"Basi unamjua. Kufuli."

"Nani?"

"Kufuli, bwana! Mji mzima ulimwita hivyo. Watoto wetu walikuwa na mchezo wao uani, mmoja anakuwa mgonjwa, mwingine anakuwa Kufuli. Mgonjwa hashindi hata siku moja." Akacheka kidogo kwa kumbukumbu hiyo. "Mimi sikuwahi kumwona kwa macho. Nilikuwa mzima kama ng'ombe mpaka magoti yaliponiisha, na wakati huo alishastaafu. Au alishakufa, sijui."

Bi Muriel alisema hajafa, anavyosikia.

"Basi Connie akamwambia kwa sauti ya chini, ana shida ya kike. Kufuli akamjibu, paza sauti, mama, kioo hiki sikukiweka mimi. Connie akarudia. Kufuli akasema, wanawake wote wana shida za kike, ya kwako ni ya dharura au si ya dharura? Na nyuma yake kumejaa watu, na mmoja ni yule mwenye bucha tunakonunua nyama. Sasa mtu atasema nini? Akasema si ya dharura. Akapewa nafasi ya wiki ya tatu. Akasema basi acha tu, nisimsumbue daktari. Akatoka, akaninunulia pai ya nyama, akarudi nyumbani."

"Wiki ya tatu hakwenda?"

"Alikwenda miezi minane baadaye, kwa gari la wagonjwa. Yote haya alinisimulia wodini. Akaniigizia na sauti ya Kufuli. Alijua sana kuigiza, Connie. Wodi nzima ilicheka." Wilf aliigeuza kofia. "Mwezi wa Machi tukamzika."

Fundi viatu aligonga kisigino mara tatu, akaacha. Bi Muriel alikuwa akitafuta uso. Alizipitia nyuso za mwaka ule dirishani, moja moja, kofia, mitandio, miwani yenye ukungu, na hakumpata mwanamke yeyote aliyeondoka akaenda kununua pai. Alichokipata ni ile sentensi. Wanawake wote wana shida za kike. Alikuwa akiipenda. Aliitumia kwa miaka, na jioni alimsimulia Bwana Haslam, naye Bwana Haslam alicheka.

"Umeandika, dada?"

"Naandika."

Wilf akasimama, akavaa kofia, akaivua tena ili amshukuru vizuri. "Nimeibeba muda mrefu hii. Asante kwa kunisikiliza. Laiti siku ile Connie angekukuta wewe pale dirishani."

Kesho yake asubuhi Bi Muriel aliketi jikoni kuinakili fomu safi, kama ilivyokuwa desturi. Mwanzoni aliandika yote kama yalivyosemwa. Alipofika kwenye Kufuli akasimama. Masharti yanasema usiandike jina la mfanyakazi. Je, Kufuli ni jina? Aliliangalia swali hilo kwa uaminifu wote wa mtu anayejua jibu analolitaka, akaamua kuwa ni jina, akalifuta. Akaandika "mhudumu mmoja". Kisha akaona kwamba habari ya kupaza sauti haiwezi kueleweka bila kutaja unene wa kioo, na kioo kilikuwa kinene kweli, alishakilalamikia mara mbili kwa barua. Masharti yanasema usitetee huduma. Akajiambia kwamba kueleza si kutetea. Lakini baada ya kueleza kioo ikabidi aeleze daktari mmoja, na kifua cha daktari, na mafua, na ukurasa ukawa umejaa huku Connie amebaki na mistari miwili chini. Haikupendeza. Akachukua karatasi nyingine.

Ilipofika saa sita mchana alikuwa na sentensi moja: "Mtoa maoni mmoja aliona kwamba faragha katika eneo la mapokezi, kwa kipindi cha nyuma, ingeweza kuboreshwa." Aliisoma mara kadhaa. Haikuwa na uongo hata neno moja. Ile ya kwanza, yenye Connie na pai na bucha, aliikunja akaitia kwenye droo ya vijiko, maana hakuweza kuichana, akapika supu ambayo hakuinywa.

Shazia alifurahi. "Safi kabisa, Bi Muriel. Wenzako wananiletea riwaya, mimi natakiwa niandike ripoti. Laiti wote wangekuwa kama wewe."

Watu wawili sasa walikuwa wametamani dunia iwe na akina Bi Muriel wengi zaidi. Usingizi wake ukaanza kuwa mwembamba.

Ripoti ilitoka Februari, nakala mia tatu, na kila mtoa maoni alitumiwa yake pamoja na mwaliko wa mkutano wa hadhara, Jumanne alasiri, katika ukumbi wa kanisa la Wamethodisti. Bi Muriel aliomba udhuru wa mafua. Kisha akaona haya kutumia mafua, ugonjwa aliokuwa amewakatalia watu wengi kiasi kile, akaenda.

Walikuja watu kama sitini. Mwenyekiti, Bwana Pickup, mwalimu mkuu mstaafu, aliipitia ripoti kwa sauti ya mtu anayegawa vyeti. Akauliza kama kuna swali. Hakuna aliyekuwa na swali. Akauliza mara ya pili, kama inavyotakiwa, na hapo nyuma akasimama Wilf Ormerod, ripoti mkono mmoja, kofia mkono wa pili.

"Samahani sana," alisema. "Si malalamiko. Ni kwamba mke wangu simwoni."

Watu wakageuza shingo kumtafuta mke wake.

"Humu ndani, nasema. Nimeisoma mara tatu. Nadhani nilieleza vibaya, mimi si mtu wa maneno. Huyu dada pale alinisikiliza vizuri sana, kosa si lake."

Shazia aliifungua ripoti haraka. "Wilf Ormerod, eh? Ngoja, baba yangu. Ukurasa wa kumi na nne." Akasoma kwa sauti, kati ya maegesho ya hospitali na pongezi kwa mkata kucha za wazee: "Mtoa maoni mmoja aliona kwamba faragha katika eneo la mapokezi, kwa kipindi cha nyuma, ingeweza kuboreshwa."

Wilf alisubiri aendelee. Alipoona haendelei akauliza, "Huyo ndiye Connie?"

"Tutaliweka hilo kwenye kumbukumbu, bwana," alisema mwenyekiti. "Tumelipokea."

"Basi sawa," alisema Wilf. "Samahani kwa kuwapotezea muda." Na akaanza kukaa.

Hapo ndipo Bi Muriel angeweza kunyamaza. Masharti yalikuwa upande wake, mwenyekiti alikuwa upande wake, hata Wilf alikuwa upande wake. Aliusikia mwili wake ukisimama kabla hajaupa ruhusa.

"Hakueleza vibaya," alisema. "Alieleza vizuri. Alikuja mwanamke dirishani kwa Daktari Fairclough, mwaka tisini na moja, anatokwa na damu isiyokuwa ya wakati wake, na nyuma yake viti vimejaa."

Aliisema yote. Hakuhitaji kipaza sauti. Alipofika kwenye maneno ya dirishani, sauti yenyewe ilimjia bila kuitwa, ile ya kupenya kioo, ikaenda hadi ukuta wa mwisho na kurudi. "Paza sauti, mama. Ya kwako ni ya dharura au si ya dharura?" Katika safu ya pili bibi mmoja mwenye fimbo alikaa wima ghafla kama aliyeitwa jina. Mtu mmoja nyuma akasema, taratibu lakini si taratibu vya kutosha, "Mungu wangu, Kufuli."

"Naam," alisema Bi Muriel. "Ni mimi. Na ukurasa wa kumi na nne pia ni mimi."

Shingo ziligeuka tena, safari hii kumtazama yeye.

"Ahsante, Bi Muriel," alisema Bwana Pickup, shingo yote nyekundu, "kwa... kwa mchango huo. Nadhani chai iko tayari."

Chai ilikuwa haiko tayari. Ilikuwa imepangwa baada ya dakika arobaini, na jikoni mlisikika vikombe vikianguka. Lakini watu sitini walishanyanyuka, na waliompita Bi Muriel kila mmoja alikuwa na neno la huruma. Ulikuwa unafanya kazi yako tu. Siku zile kote kulikuwa hivyo. Usijitese, mpenzi. Bibi mwenye fimbo alimpigapiga mkono na kumwambia hata yeye alipoambiwa apaze sauti hakuudhika, alilia tu kidogo njiani. Bi Muriel aliwaitikia wote. Alijisikia kama mtu anayevuliwa nguo na watu wenye adabu sana.

Kisha Wilf akaja na kikombe cha chai, biskuti mbili kwenye kisahani. Akamkabidhi.

"Nisamehe, dada," alisema. "Lile jina. Ningejua ni wewe nisingelitamka."

"Usiniombe radhi, Wilf."

"Lilikuwa jina baya."

"Wilf, nigombeze. Nakuomba. Nitukane, basi."

Wilf alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa njia. "Unamkumbuka?" aliuliza mwishowe. "Connie. Alikuwa mfupi. Nywele nyekundu."

Ndiyo moja ingetosha. Ukumbi mzima ungeiona ni wema.

"Hapana," alisema Bi Muriel. "Nimemtafuta tangu Alhamisi ile. Simkumbuki hata kidogo."

Wilf aliitikia kwa kichwa, mara moja. Akavaa kofia yake ndani ya ukumbi, mbele ya wanawake, akatoka bila kusema samahani kwa mtu yeyote aliyempita. Huko Ramsclough hakuna tusi lililozidi hilo, na Bi Muriel alilipokea amesimama wima, na kikombe mkononi.

Shazia hakumfariji. Alimngoja hadi ukumbi ulipokuwa mtupu. "Uliniletea kitu safi, na mimi nikakusifu," alisema. "Sijui kati yetu nani nimkasirikie. Ile ya kwanza unayo?"

"Iko kwenye droo ya vijiko."

"Nipe. Nitaichapa katika ukurasa mpya. Lakini lazima Wilf aione kwanza, na mimi sipeleki."

Kwa hiyo Ijumaa, katika mvua ya manyunyu, Bi Muriel alisimama mbele ya mlango wa nyumba ya mwisho ya mtaa wa Wilf na ukurasa ndani ya mfuko wa plastiki. Jina la mfanyakazi lilikuwemo. Shazia alikuwa amesema masharti yanakataza kumtaja mtu, hayakatazi mtu kujitaja.

Wilf alifungua, akautazama mfuko, akaupokea. Hakumkaribisha ndani. Alisoma palepale kizingitini, kidole chini ya kila mstari, mvua ikimwangukia Bi Muriel mabegani. Ilichukua muda. Alipofika chini akarudi juu, akaanza upya, na katikati ya ukurasa kidole kikasimama.

"Hapa," alisema. "Wodi nzima ilicheka."

"Ndivyo ulivyoniambia."

"Ndiyo, ndivyo nilivyokwambia." "Wodi iondoe. Wengi walikuwa wamelala. Andika aliigiza sauti ya yule mama, na mumewe akacheka. Connie mwenyewe hakuwa anacheka. Nilikuja kuliona hilo baadaye."

Bi Muriel alitoa kalamu. Hapakuwa na pa kuandikia, akaugandamiza ukurasa kwenye fremu ya mlango, akafuta maneno mawili na kuandika mengine juu yake. Wino ulianza kutanuka kwa unyevu. Akamwonyesha. Wilf akasoma, akasema ndiyo, hivyo, akaurudisha ukurasa ndani ya mfuko kwa uangalifu na kumpa.

Kisha akafunga mlango. Bi Muriel aliutia mfuko ndani ya koti, upande usiolowa, akaenda kuupeleka kwa Shazia.